Vibati vya Kuku Wenye Ndevu

Jumanne, 27 Juni 2017

Wewe uliyetunga sheria kwamba kifaranga akidondosha kibati cha namba kinachobanwa bawani anyongwe, hujawahi kulea chochote. Umekaa ofisini na kalamu. Aibu yako.

Upepo wa jana uliangusha wavu wa banda la pili. Vifaranga wa wiki tano wakarundikana kwenye kona, mabawa yakachanika. Leo nimeokota vibati arobaini na vitatu kwenye makapi ya mpunga. Hakufa hata mmoja. Wazima wote, wanakula – ila hawana namba. Na asiye na namba atolewe, ndivyo alivyoniachia maagizo Qiuyun. Mjukuu wangu. Anasomea kuku chuo kikuu! Mimi nimefuga miaka hamsini na mbili bila cheti, sasa ni mtunza banda wake.

Hawa ni uzao wa kuku wangu. Siku ya ndoa nililetwa hapa pamoja na jogoo na tetea, wote wenye ndevu za manyoya, miguu imefungwa utepe mwekundu. Kuku wa bibi harusi hachinjwi. Anaachwa azae mpaka afe mwenyewe. Uzao ule sijauacha ukatike. Ndio niliompa Qiuyun, akawachanganya na majogoo meupe ya kisasa yanayonenepa kama maboga. Wajukuu wao wachinjwe wakifika wiki ya kumi na tatu – nilikubali. Kifo chao kina kazi. Lakini kunyongwa na kutupwa shimoni? Hapana.

Nimewarudishia vibati mwenyewe, kwa koleo. Nawajua kwa sura. Mwenye ndevu nene na kidole kilichopinda, 112. Mwekundu mwenye kelele, 87. Wengine nilifikiri kidogo.

Sijamwambia mtu. Ya nini?

Alhamisi, 24 Agosti

Tumechinja tangu alfajiri. Mia mbili na wanne. Mimi nashika miguu, Qiuyun anapasua. Moyo kwenye mizani. Ini. Firigisi. Bandama, kadogo kama punje ya maharage. Anataja namba ya kibati na jinsia, mwanafunzi mwenzake anaandika.

Nikamuuliza yote haya ya nini, uzito si ungetosha. Akaeleza huku anafanya kazi. Walitoa damu ya kila mmoja wiki ya nne. Damu ya 112 italinganishwa na moyo wa 112, ini la 112. Ndipo ijulikane ni kipande gani cha urithi kinachokuza mwili na kipi kinachokuza moyo. Maana hawa wa kisasa mwili unauacha moyo nyuma, wanaanguka na kufa.

Wiki ya nne. Upepo ulikuwa wa wiki ya tano, damu imeshatolewa.

Nikasema naenda kuchota maji. Nilikaa kisimani hadi wakaniita.

Kila mfanyakazi kapewa kuku mmoja. Wangu nimemwoka kwa chumvi. Nimewagawia majirani.

Jumapili, 19 Novemba

Qiuyun kaja nyumbani. Kakonda. Nimemgombeza kwa kukonda – ndicho ninachojua.

Kanionyesha picha kwenye kompyuta yake. Vitone vingi, rangi rangi, vimelala chini kama nyasi. Anasema mahali fulani pangeinuka mlima, na mlima ndio jibu. Hakuna mlima. Miaka mitatu, anasema, na hakuna mlima. Mwenzake wa chuo kingine, kuku wachache kuliko wake, anao.

Nikamwambia ale supu.

Mwoga mimi. Mzee mzima!

Alhamisi, 23 Novemba

Mwanangu Huosheng, babake Qiuyun, karudi kutoka mjini na habari mbaya. Profesa Kuang, mwalimu wa Qiuyun, kagundua kuku kumi na saba ambao damu inasema tetea na karatasi inasema jogoo, au kinyume chake. Kasema mbele ya wanafunzi wote kwamba Qiuyun alibuni uzito akiwa amelala kitandani. Anataka afukuzwe. Huosheng anamlaani profesa. Anasema mtoto wake si mwongo.

Si mwongo. Nilikuwa namenya tangawizi. Nimeendelea kumenya.

Ijumaa, 24 Novemba

Nimemwambia Qiuyun. Kaja na basi la asubuhi, sijamngoja avue viatu.

Hakunifokea. Bora angefoka. Kakaa kwenye kigoda, kauliza kwa sauti ndogo:

"Bibi, ni yupi na yupi?"

Nikamwambia wawili nina uhakika nao. Arobaini na mmoja nilibahatisha.

"Na siku ya kuchinja ulishajua?"

"Nilijua."

Akasema basi imekwisha. Hata mimi nikiapa, nitafanya nini, niwafufue? Damu ya mmoja, ini la mwingine. Na aliyempa bibi yake kazi ya banda ni yeye. Akalia bila kelele. Sijawahi kujichukia hivi, hata nilipomzika mume wangu kwa maneno makali mdomoni.

Nikauliza ni nini kimebaki cha kuku wale. Nyama tumekula. Mifupa wamekula mbwa. Akasema vipande vya ini tu, vidogo, kila kimoja na namba yake, viko kwenye friza la chuo. Walivikata siku ileile ya kupima. Mwalimu kaagiza vitupwe leo jioni, ni uchafu tu.

"Na ini halina damu?" nikamuuliza. "Si lisomwe hilo hilo, lilipimwa pamoja na moyo wake, muiache ile damu ya wiki ya nne?"

Akanyanyuka kigodani. Akasema ni kurudia wote mia mbili na wanne, na hakuna atakayemruhusu, na mwalimu hapokei simu zake. Tena saa hizi huenda wameshaanza kutupa. Akasema hatutawahi. Basi la kurudi mjini limeshaondoka, jingine ni kesho.

Nikawaambia: haya. Qiuyun, futa kamasi, mpigie simu mlinzi wa chuo asimame mbele ya friza hilo, asimruhusu mtu. Huosheng, toa pikipiki. Naweka kalamu hapa; mlangoni kwa huyo Kuang nitasema mwenyewe kwamba vibati nilivirudisha mimi.