Huna Kitu, Binti

Mama yangu uliyenitangulia,

Nina karatasi nne za vipimo kwenye droo ya ofisi. Malaria hakuna, taifodi hakuna, sukari sawa, damu inatosha. "Huna kitu, binti," tabibu wa tatu aliniambia. "Nyie makarani mnakaa sana." Sina kitu! Shingo, mabega, nyonga, hadi vidole vya kushikia faili vinauma mwezi wa tisa sasa. Nalala saa nane nzima, naamka kama niliyetwanga mpunga usiku kucha.

Wewe pia hukuwa na kitu. Ulirudi nyumbani Kigombe kutoka kulima mwani baharini, ukaegemea mlango kwanza ndipo ukavua khanga iliyolowa. Dawa za taifodi ulimeza mpaka tumbo likakataa. Mama mdogo akasema ni shetani wa pwani, ukanyweshwa kombe, aya zilizooshwa kwa maji ya waridi. Kisha nikakupeleka Tanga mjini kwa daktari.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, mwanangu, alhamdulillahi."

"Unaendeleaje?"

"Tunamshukuru Mungu."

Akaandika kwamba unaendelea vizuri! Nilitamani kukufinya. Tulipotoka nikakuuliza mbona hukusema. Ukanishangaa: "Mtu akusalimu, wewe umtolee magonjwa? Nani kakulea hivyo?"

Leo nimempata daktari mwingine, dada mpole. Amenibonyeza mabega na magoti, akanisikiliza bila kutazama saa. Akasema yapo maumivu ambayo kipimo cha damu hakiyaoni, nisidhani najitungia. Ila lazima aondoe magonjwa mengine kwanza. Akauliza, "Nyumbani kuna mwingine aliyeumwa hivi?"

Nikasema hapana.

Mama, nimejikasirikia njia nzima. Anatafuta chanzo, nami nakificha kwa kuogopa aibu yangu. Maana nikikutaja atauliza, "Mlimfanyia nini?" Nami nakumbuka asubuhi ile umejilaza mkekani, nimevaa sare ya shule, nikakwambia, "Wenzako wote wako majini, wewe umelala tu. Uvivu huo." Ulijishika ukutani, ukainuka, ukaenda majini.

Jumatatu narudi kwa yule daktari. Naogopa atakachokigundua, naogopa zaidi asipogundua kitu. Lakini nitamwambia: mama yangu aliumwa miaka mingi, mwili mzima, na mimi sikumsadiki.

Pumzika, mama. Sasa hakuna atakayekuinua.

Mimi,
Bintiyo