Mama Hataki Kukuita Mgeni

Eunice Mseti,
Kijiji cha Nyarero,
S.L.P. 61,
Tarime, Mara.

17 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Nelson,

Shikamoo uliyonitumia kwa simu nimeipokea, marahaba sana. Habari za huko Kanada? Baridi imeshaanza au bado inawatisha tu? Kifua chako kinaendeleaje, na je, unakula vizuri au ni ile mikate yako ya kila siku? Mama ananituma nikuulize pia kama bado hujaoa. Nimeuliza, kazi yangu imekwisha.

Sisi huku hatujambo. Mvua imeshuka, watu wako shambani tangu alfajiri, na matope yamerudi mlangoni kwangu, wateja wanayaingiza mpaka kwenye cherehani. Mama ni mzima wa mdomo na wa kichwa, ila miguu ndiyo inamsumbua. Kutoka nyumbani kwake mpaka zizini sasa anapumzika mara mbili njiani, na ukimshika mkono anakasirika.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hatumalizi. Nikitamka tu neno visa, mama anasema nimpe simu, na akishaongea na wewe habari za ng'ombe wote, salio limekwisha.

Uliniomba nikuulizie kama wewe, sasa ukiwa na pasipoti ya Kanada, unaweza kuja kukaa nyumbani mwaka mzima karibu na mama, huku ukiendelea na kazi yako ya huko kwa kompyuta. Ukasema nchi nyingine zina visa maalum ya watu wa namna hiyo. Tangu siku ile sijatulia. Unanijua dada yako, swali likiniingia linanichoma kama sindano iliyosahaulika kwenye nguo. Basi nikafunga kibanda, nikavaa viatu vya kanisani, nikaenda Uhamiaji Tarime mjini.

Nilipokelewa na afisa mmoja msichana, anaitwa Scola, Msukuma kwa lafudhi yake. Nilidhani nitauliza mimi, kumbe nitaulizwa. Akasema, "Kazi ya mdogo wako iko wapi, mama?" Nikajibu Kanada. "Na yeye atakaa wapi?" Nikajibu Nyarero. "Sasa hiyo kazi ataifanyia wapi?" Nelson, nilikodoa macho. Sijawahi kufikiria kwamba kazi inaweza kuwa mahali na mfanyakazi akawa pengine. Mimi nikiacha cherehani hapa nikaenda Sirari, hakuna gauni litakalojishona.

Swali hilo nililileta kibandani na likazua ubishi wa wiki nzima. Mabula yule fundi pikipiki wa mlango wa pili, aliyekuja kutoka Shinyanga kuchimba dhahabu Nyangoto akaishia kuwa jirani yangu, anasema kama malori unayoyapangia safari yanatembea Kanada, basi kazi iko Kanada, wewe unaongea nayo tu. Felista wa genge akamwambia, "Na akishiba ugali wa hapa ndiyo akapata nguvu ya kuongea nayo, kazi si iko kwenye ugali?" Mpaka leo hawajapatana. Mimi nasikiliza nikikata kitambaa, na naona wote wawili wana haki.

Lakini Mabula alisema jambo jingine lililonigusa. Alisema, "Mimi nimetoka mbali nikaingia hapa na begi moja. Nimekaa, nimepanga, nimezaa. Hakuna aliyeniuliza nitaondoka lini. Nelson kitovu chake kiko hapa, na ndiye ataulizwa." Hakusema kwa ubaya. Alisema akifunga spoki, kama mtu anayeshangaa tu.

Sasa nikueleze nilivyoelewa, na usiyachukue maneno yangu kama sheria, soma mwenyewe kwenye tovuti zao kabla hujakata tiketi. Upande wetu, mwenye pasipoti ya nje anaingia kwa visa ya matembezi, na hiyo ni ya miezi mitatu hivi. Kuongezewa muda unaomba, huahidiwi. Kufanya kazi kwa mtu wa hapa bila kibali ni kosa, hilo halina mjadala. Lakini kibali kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu anayelipwa kule na kukaa huku, Scola alisema yeye hana cha kunionyesha mezani kwake. Akanishauri usikisie wala usijifiche, uandike makao makuu ueleze kazi yako ilivyo, ujibiwe kwa maandishi, ndipo upande ndege. Kuhusu watu waliozaliwa hapa wakachukua uraia wa nje, alisema kuna mazungumzo ya kuwapa hadhi yao maalum, lakini mazungumzo hayagongewi muhuri.

Upande wa Kenya ndiko nilikosikia jipya. Wanasema hivi karibuni wametangaza kibali cha watu wa kompyuta kama wewe. Unaonyesha mwajiri wako yuko nje, kipato kinatoka nje, huna kesi polisi, na huchukui kazi ya mwenyeji. Nikacheka peke yangu njiani. Yaani wanakukaribisha ukae kwa sababu unafanya kazi, kwa sharti kwamba usifanye kazi kwao! Ila nikitafakari naona ina maana yake. Wanataka ule kwao bila kumnyang'anya mtu wao tonge.

Kosa langu likawa kumtajia shangazi Christina. Unajua ameolewa ng'ambo ya Sirari, na kwake mpaka ni kama kijito cha kuruka. Papo hapo akawa na mpango kamili: "Mura, kijana wetu, apate hicho kibali, akae kwangu na kompyuta yake. Jioni akimaliza anapita kwenye mahindi, anakula kwa mama yake, asubuhi amerudi. Nani atamwona?" Mama akafurahi, Elia kaka yetu akafurahi, wakaanza hata kubishana utapita shamba la nani.

Nami kidogo nifurahi. Si ndivyo tunavyoishi? Harusi iko kule, msiba uko huku, ng'ombe wa mahari wanavuka, nasi tunavuka nyuma yao, na hakuna mtu wa ukoo wetu anayesema leo nimetoka nje ya nchi. Lakini swali likaanza kunichoma tena, nikarudi kwa Scola. Nikalizungusha. Nikamuuliza, je, mtu mmoja tu akivuka mara moja tu kwa ajili ya kusalimia? Akatabasamu. "Mama, huyo mtu ni wewe au ni mdogo wako?"

Alinifafanulia taratibu. Sisi wenyewe tunatakiwa kupita mpakani kwa utaratibu, ila wewe kwako ni hatari zaidi, kwa sababu kukaa kwako kote kunasomwa kwenye mihuri. Ukipita kwenye mahindi, pasipoti yako itasema uko Kenya na mwili wako uko Nyarero. Siku utakayosimamishwa, hata kwa jambo la bure, utakuwa umeingia kinyemela, na unaweza kurudishwa na kuzuiwa usije tena. Vilevile kuna visa ukitoka imekwisha, hata kama miezi yake bado ipo, na kuna nyingine ya kutoka na kuingia. Uulize wazi ni ipi unayopewa, pande zote mbili. Shangazi nimemwambia. Amenuna, anasema Wazungu wamekuharibu.

Kwa hiyo tulivyokubaliana na Elia ni hivi: uje kwanza kwetu kwa visa ya matembezi, kwa likizo yako halali, kompyuta ibaki imefungwa mpaka utakapojibiwa kwa maandishi. Kibali cha ng'ambo ukiombe wakati huohuo, ukikipata uwe unapita Sirari mlangoni, mchana, na muhuri wako. Elia ameshaezeka upya nyumba yako ile ya ujana, maana mwanaume mzima hawezi kulala kwa mama yake, na Scola alitaka kujua utafikia nyumba gani. Umeme upo, mtandao nao upo, ila mvua ikinyesha vyote viwili vinaondoka pamoja.

Halafu tukakwama, Nelson, na hapa ndipo penye barua yangu hasa.

Uliniambia kwenye maombi yako watataka barua ya mwaliko kutoka kwa mwenyeji. Nikaona hilo ni dogo. Nikaiandika vizuri, kwa niaba ya mama, kwamba yeye Bhoke Mseti wa Nyarero anamkaribisha mgeni wake Nelson Mseti, atamlaza na kumlisha kwa muda wote wa matembezi yake. Nikamsomea ili aweke dole gumba. Nilipofika kwenye mgeni akanishika mkono.

Akauliza kwa lugha yetu, "Omogeni, huyo mgeni, ni nani?" Nikamwambia ni wewe, lakini ni kwenye karatasi tu. Akasema hajui karatasi, anajua mgeni. Mgeni anachinjiwa kuku, anaonyeshwa pa kukaa, na akiaga anasindikizwa mpaka njiapanda. "Mimi mwanangu simsindikizi," akasema. Akageukia ukutani.

Elia alimweleza, mchungaji alimweleza, hata Mabula alikuja kumweleza kwamba yeye ndiye mgeni halisi wa hapa na hajapungukiwa na kitu. Mama akampa uji na hakubadilika. Unajua kwetu nyumba ya mama humfuata mtoto wake wa mwisho wa kiume. Kwake yeye kukuita mgeni mbele ya serikali ni kukutoa kwenye nyumba ambayo ni yako. Nilianza kuogopa kweli. Nikaona utakaa huko ukisubiri karatasi, naye atakaa hapa akiikataa, na miguu yake haisubiri mtu.

Nikaamua niandike mimi kama mwenyeji wako, nikamuaga mama. Nilipokuwa natoka akaniita. Akasema, "Kamuulize yule msichana. Huyo mwenyeji akifa, mgeni anafukuzwa siku ileile, au anaachwa azike?"

Nelson, nilikaa chini pale mlangoni. Kumbe siku zote hizo tulizobishana juu ya neno, yeye alikuwa anahesabu jingine. Aliogopa kwamba ukiwa mgeni wake, basi ruhusa yako inaning'inia kwenye pumzi yake, na siku itakapokatika watakutoa nje mwili wake ukiwa bado ndani. Nililia mbele yake, na hakunikemea.

Nililipeleka swali kama nilivyopewa. Scola aliweka kalamu chini. Akasema, "Mwambie mama, ruhusa haitolewi na mwenyeji, kwa hiyo haifi naye. Atakaa mpaka tarehe yake. Na ikifika katikati ya msiba, aje hapa aombe, asijifiche." Akanishika bega, akaniambia hata yeye ana mama, yuko Maswa.

Nilimweleza mama neno kwa neno. Akaniambia nilete wino.

Nikamwekea karatasi mapajani, nikamwonyesha pale chini pa kuweka dole. Akauliza, lile neno liko wapi? Nikamwonyesha mgeni, mstari wa tatu. Akalichovya dole gumba lake kwenye wino, akalibandika juu ya neno hilohilo, akaligandamiza mpaka likafunikwa lote. Kisha akachovya tena, akaweka na pale chini. Nikamwambia ameharibu barua. Akasema, "Sasa ndiyo imenyooka. Mpelekee."

Ipo na nyingine safi niliyoiandika na kuisaini mimi kama mwenyeji wako, hiyo ndiyo utakayowapa ubalozini. Zote mbili ziko ndani ya bahasha hii. Ile ya mama usimpe mtu.

Kaka Elia anakusalimu, anasema uje na viatu vya matope. Shangazi Christina anakusalimu ingawa amenuna. Mabula na Felista wanakusalimu na wanataka wewe mwenyewe uje uwaamulie kazi yako iko wapi. Msalimie huyo rafiki yako wa Kisii mnayepika naye ugali, Mungu amzidishie.

Mungu wa baba yetu akufungulie milango yote miwili, wa kuingia na wa kukaa, akulinde angani na mpakani. Njoo, mdogo wangu. Njoo kwa ruhusa yoyote watakayokupa, lakini njoo mapema, umkute mama akiwa bado anakasirika kushikwa mkono.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unapochelewa kunijibu,

Eunice