Barabara ya Rangwi

Alhamisi, Lushoto

Nimeipata!

Wiki nzima kompyuta ya umoja wetu wa wakulima imekuwa ikigawa malori ya watu binafsi ya kupeleka matunda Dar, na kila mara inakiruka kijiji cha Rangwi bila kuonyesha kosa lolote. Leo Mama Zuhura, mkulima wa huko, ameshuka mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa uchovu.

"Mwanangu, plamu zinaanza kuoza. Tumewakosea nini?"

Basi, ndani ya programu inayogawa malori, iliyohifadhiwa kwenye kanzidata ya kompyuta hiyo, nikaweka swichi: nikiandika moja, inaeleza kwenye skrini kila hatua inayofanya, nikiandika sifuri, inanyamaza. Nikaiwasha. Mistari ikaanza kushuka. Soni, gari limepatikana. Mlalo, gari limepatikana. Rangwi, barabara imefungwa.

Imefungwa! Iliharibika wakati wa masika, ikatengenezwa zamani, ila hakuna aliyeiambia kompyuta.

Nikaifungua kwenye kompyuta. Meneja akapaza sauti kutoka chumba cha pili, "Zima hayo maandishi yako, mashine inajikokota!" Nikazima swichi, nikaiendesha programu tena. Rangwi ikapata lori la kesho.

Naogopa kidogo. Vijiji vingapi vingine tumevifungia bila... Kesho nitaiwasha swichi tena kabla meneja hajafika.

Nilipomwambia, Mama Zuhura hakuuliza nimefanyaje. Alikaza khanga kiunoni, akasema, "Basi niwahi nikachume," akatoka karibu akikimbia.