Mikono Miwili ya Kushoto

3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti halikusumbui. Huku hatujambo, wajukuu zako wanakula kama mchwa.

Nimesikia habari za koti ulilomshonea mwalimu wa kwaya. Baba, mikono yote miwili ya kushoto! Na kabla ya hapo pasi iliunguza meza. Sikulaumu, naogopa huku kusahau. Nikija Agosti tufunge kibanda, tuuze cherehani, uhamie kwangu upumzike.

Mwanao, kifungua mimba

17 Machi

Kifungua mimba wangu,

Marahaba. Goti linalalamika, lakini bado linanibeba.

Ya koti ni kweli. Mwalimu alipolivaa, mkono mmoja ulielekea kwaya, wa pili ukaelekea mlangoni. Tulicheka. Alipoondoka nikafunga mlango, sikucheka tena.

Nimemwona daktari. Akaniuliza, "Mzee, kutwa unafanya nini?" Nikajibu, nimekaa. Tangu uniletee mota ya cherehani, hata miguu haikanyagi. Akasema hawezi kuniahidi kitu, ila mwili ukichemka, damu hufika vizuri kichwani, na huo ni ulinzi mmoja wa ubongo unaozeeka. Nitembee kila siku, mpaka jasho linitoke.

Usiuze kitu kwanza.

Baba yako

2 Juni

Baba,

Shikamoo. Mbona kimya? Shangazi anasema hata simu hushiki. Umeanza kusahau simu pia? Mnunuzi wa cherehani amepatikana, anangoja neno langu.

Mwanao

20 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Simu inalia kibandani, mimi niko kilimani! Mota nimeing'oa, nakanyaga mwenyewe. Nguo nilizomaliza kushona nawapelekea wateja kwa miguu. Mwanzoni nilihema kama mvukuto. Kinyozi jirani akapiga kelele, "Mzee, nani anakukimbiza?" Nikamwambia, "Uzee! Na leo hanipati." Siku hizi tunapanda kilima pamoja, naye ndiye anayeomba tupumzike.

Koti nimelishona upya. Mwalimu ameagiza ya kwaya nzima.

Kwenye kifurushi kuna gauni lako. Sikukupima, vipimo nimevitoa kichwani. Livae, ndipo uniambie niuze.

Baba yako, fundi

5 Julai

Baba,

Shikamoo, na shikamoo tena.

Nimelivaa mbele ya watoto. Mabega sawasawa. Mkono wa kulia kulia, wa kushoto kushoto. Kiuno kikagoma. Nikakaa kitandani, machozi yananilenga, nikijiambia basi, Baba amekwisha. Kisha nikalivua, nikaligeuza ndani nje. Ubavuni umekunja kitambaa cha ziada, umekishikiza kwa uzi mwekundu, ule wa kufumuliwa. Baba! Hukukumbuka vipimo tu. Ulikumbuka pia kwamba mwanao anashinda kwenye kiti cha ofisi, na kiuno kinanenepa. Nikafumua, likanikaa kama ngozi. Wajukuu zako wakapiga makofi.

Mnunuzi nimemwambia atafute kwingine.

Agosti nakuja, lakini si kukuchukua. Nimenunua raba za kutembelea. Mwambie kinyozi sasa tuko watatu, na pale kilimani msiniache nyuma.

Mwanao, kifungua mimba, mnene kwa muda tu