Mikanda ya Keza

Jumatatu, 3 Machi
Keza kaamka analia. Mikanda tena. Inaiweka miguu yake wazi, magoti juu, usiku na mchana, ili mfupa wa paja urudi kwenye nyonga. Watoto wote walio kwenye utafiti wa hospitali wanaivaa. Sharti ni moja: haivuliwi nyumbani. Nimemwachia mama mkwe, nikakimbilia ofisini mpakani, Grande Barrière. Malori yamejaa.

Ijumaa, 14 Machi
Picha ya nyonga leo. Mfupa haujasogea. Daktari wa utafiti kasema wenzake wanaendelea vizuri. Kwa nini siyo wangu? Nimelia chooni hospitalini. Ikishindikana atalazwa usingizi, mfupa urudishwe kwa mkono, afungwe plasta. Bado ananyonya jamani.

Jumatano, 19 Machi
Umeme umekatika ofisini, nimerudi mapema. Mikanda iko kitandani. Keza yuko mapajani kwa bibi yake, amepakwa siagi, miguu imenyooshwa na kufungwa pamoja kwa kitenge.
"Mutoto mukobwa, mutoto wa kike, atatembea miguu wazi sawa bata? Mi namunyoosha kidogo tu, kila siku. Bwana yako pia nilimunyoosha."
Kila siku! Nimempigia kelele, mtu mzima yule. Kafunga mzigo, karudi kwake Mahoko.

Alhamisi, 20 Machi
Nikisema, watamtoa Keza kwenye utafiti. Nani mwingine hapa atamtibu? Nikinyamaza, wataandika kwamba mikanda haifai, na mtoto wa mwingine ataikosa. Mume wangu anataka ninyamaze, nisimwaibishe mama yake. Leo namchukia mwanamume huyu. Mungu, nifanye nini?

Ijumaa, 21 Machi
Nimesema. Daktari hakunikaripia. Bora angenikaripia. Matokeo ya Keza hayahesabiwi tena, matibabu yanaendelea. Lakini mikanda basi, muda wake umepita. Ni plasta.

Jumapili, 6 Aprili
Plasta toka kifuani hadi vifundoni, miguu wazi. Mfupa umeingia. Kama utakaa, hakuna anayejua. Keza amelia tangu jana, amekataa ziwa, na mimi sijui hata nimpakate vipi.
Mama mkwe amekuja baada ya misa. Ameinama tu, akatoa mgongo. Nimemweka Keza. Miguu ya plasta ikamkumbatia kiunoni huku na huku, sawasawa, kama mtoto yeyote anayebebwa. Akafunga kitenge. Keza akanyamaza.
Wamezunguka ua polepole. Machozi yanamtoka, mikono yote iko nyuma imemshika mtoto. Nimemfuta mimi.