Tangi Limejaa

Mji wa Kale, Mombasa
Jumatano

Kwa dada yangu mpenzi Hussaina,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti lako liwe limepatana na baridi ya Leicester. Sisi kwa miili hatujambo. Kwa nyoyo, utajionea mwenyewe. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu ujumbe wa simu ungeusambaza kwa ukoo mzima kabla hujafika katikati.

Umeniuliza kikosi chetu cha kuzima moto kilikuwa wapi Jumatatu, nyumba ya jirani yetu Bi Zakiya, mshona kofia, ilipoungua. Dada, kilikuwepo. Na kwa kilivyokuwepo, heri kisingekuwepo.

Unajua tulivyoanza. Miaka mitatu iliyopita ghala la viungo liliteketea huku gari la zimamoto limesimama barabarani, maana vichochoro vyetu havipitishi hata gari dogo. Barnabas, mzima moto mstaafu wa bandarini, mtu wa bara anayekaa Mbaraki, akaja kwa miguu yake kutushauri tuunde mkokoteni wenye tangi na pampu ya mkono. Akatufundisha kila Jumamosi bila kuomba hata kikombe cha kahawa. Uenyekiti tukampa Mzee Allarakha wa duka la vyuma, na miezi sita ya kwanza ikaishia kwenye ubishi wa rangi ya makoti. Siku ya picha tulikuwa thelathini. Siku ya mazoezi tulikuwa tisa, na wawili kati yao walifuata kivuli. Siku moja Mzee Allarakha alisimamisha zoezi ili apigwe picha upya, eti kofia yake ya chuma ilikuwa imekaa upande. Wakati ule nilicheka.

Barnabas alikuwa na sharti moja tu. Kila Ijumaa mwenye zamu alijaze tangi maji matamu, kwani ya chumvi hula pampu, kisha aandike ubavuni kwa chaki: limejaa, tarehe, na jina lake. Daftari jingine la zamu hatukuwa nalo. Alisema mtu akishaweka jina lake, yeye hana haja ya kufunua kifuniko.

Jumatatu baada ya adhuhuri, pasi ya Bi Zakiya iliunguza shuka, moto ukashika. Tulifika mapema, moshi ukitoka dirisha moja tu. Tukatandika mpira wa maji, tukasukuma pampu, ikakohoa hewa. Tukasukuma tena, hewa. Barnabas aliutupa mpira, akapanda ngazi, akashuka na Bi Zakiya mgongoni. Tulipokuja kupata ndoo za kisimani, boriti za dari zilikwisha shika. Kofia za miezi minne, zote za watu, zikawa jivu.

Jana tukafanya mkutano, na hapo ndipo nilipoujua uchafu wa binadamu. Mzee Allarakha alisema mtu wa bara hana uchungu na mji wetu, na kwa kuwa chaki haikuonyesha jina, basi mzembe ni mwalimu. Wale wale aliowafundisha kushika mpira wakaitikia kwa vichwa. Fadhila za punda ni mateke. Barnabas alijibu tu kwamba hakumbuki kuwa na zamu wiki ile, akavua koti, akalikunja, akaliweka mezani kwa mikono iliyofungwa bandeji. Mwenyekiti akalipekua koti kuangalia kama lina madoa.

Lakini anayenichukiza kuliko wote ni mimi. Zamu ilikuwa yangu. Ijumaa nililijaza tangi, nikaandika jina langu. Jumamosi ikawa harusi ya Tasleem, mabomba makavu siku ya nne, na wapishi wamekataa katakata kutia maji ya kisima kwenye mchele. Ukanipigia simu kutoka huko, goti limekuzuia kusafiri, ukilia kwamba binti yako ataaibika mbele ya wakwe, nitafute maji matamu popote, na nisikwambie nimeyatoa wapi. Nikafungua tangi. Yakapikia biriani, na yaliyobaki wakaoshea masufuria. Nikajiambia nitalijaza Jumatatu jioni, muuza maji atakapopita. Lile neno "limejaa" sikulifuta.

Jina ndilo nililolifuta. Watu walipokuwa wamemzunguka Bi Zakiya barabarani, nilipitisha mkono wa kanzu yangu ubavuni mwa tangi mara moja tu. Na jana ilipopigwa kura ya kumfukuza Barnabas, niliuinua mkono huo huo.

Sikutii lawamani. Kuomba uliomba wewe, kutoa nilitoa mimi, na kunyamaza ni kwangu peke yangu. Ijumaa baada ya sala nitasimama mbele ya kikosi kizima niyaseme haya, kisha nitakwenda Mbaraki. Akinifungia mlango, ni haki yake. Barua hii anakuja nayo msafiri wa ndege ya kesho, maana nimetaka uyasikie kwangu kwanza.

Msalimie sana shemeji na watoto. Tasleem na mumewe wazima, walikuja jana kutuamkia. Bi Zakiya tumempa chumba alichokiacha Tasleem hapa kwetu, na bado sijapata ulimi wa kumwambia. Ameniona naandika, akaniomba nikufikishie salamu zake, na nikwambie kwamba tangu azaliwe hajapata kula biriani tamu kama ile ya harusi.

Ni mimi nduguyo,
Faraz