Kalenda Iliyo Ukutani kwa Mama

Dada Zuhura, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Kibirizi, na kwamba mvua haijakuharibia dagaa ulioanika. Magoti ya Mama yanaendeleaje? Nimeamua kuandika kwa sababu simu ya nyumbani mnaiweka spika, na haya sitaki Mama ayasikie pamoja na majirani. Isome peke yako kwanza.

Ni habari ya ile kalenda ya chuo aliyoitundika Mama ukutani, yenye picha yangu nacheka na cheche zinaruka mbele yangu. Unajua chuo chetu kinafadhiliwa na kiwanda cha nondo. Karakana ni yao, walimu wanalipwa nao, hata sare zetu zina jina lao mgongoni. Siku moja wakubwa wa kiwanda walikuja na mpiga picha. Nilikuwa kwenye mashine nakata chuma, nimevaa miwani ya kukinga macho kama tulivyofundishwa. Yule bwana akachungulia kwenye kamera yake, hakuridhika.

"Sura haionekani," akasema. "Hebu vua miwani kidogo, ucheke, nyumbani wakuone."

Nikamtazama mwalimu wetu wa karakana, ambaye hutufokea kila asubuhi kwa ajili ya miwani hiyo hiyo. Alikuwa amesimama na wakubwa, akainamisha macho. Nikaivua. Nikamfikiria Mama akiionyesha picha kwa watu wa Ujiji, nikacheka. Hiyo ndiyo mliyo nayo. Mpiga picha akasema, "Moja tena." Hiyo ya pili haikuchapishwa, maana ndipo kipande cha chuma kiliponiingia jicho la kulia.

Dada, jicho hilo halioni tena. Siku zote nilizowaambia simuni kwamba nimebanwa na masomo, nilikuwa hospitali. Madaktari siwalaumu, walihangaika nami mpaka wakakiri limeshindikana. Nimelia sana, sikufichi, na kumbe hata jicho bovu linatoa machozi.

Nilipotoka, mkuu wa chuo akaniita ofisini. Aliongea kwa upole.

"Hamisi, miwani ulivuliwa au ulivua mwenyewe?"

"Nilivua mwenyewe, mwalimu. Niliambiwa nivue."

"Lakini mkono ulikuwa wako."

Yakaishia hapo. Karakana sirudi tena, ila kiwanda kimenionea huruma, akasema, na nafasi yangu atapewa mdogo wetu Shabani. Ndiyo ile simu aliyopigiwa Mama juzi, akapiga vigelegele. Hawakumwambia nafasi imepatikanaje.

Sasa nasikia Shabani ameshanunua begi pale Mwanga. Dada, nakuomba umzuie. Ananiheshimu, lakini wewe anakuogopa, na safari hii hofu itusaidie. Najua utasema kazi hakuna huko, na nafasi kama hii watu wanaililia. Mimi pia niliililia. Aende Ilagala kwa mjomba akavute nyavu. Ziwa lina hatari zake, lakini halijawahi kumwambia mtu acheke kwanza. Mweleze ukweli wote, usimpunguzie hata neno. Akikubishia, mpe barua hii aisome.

Mama niachie mimi. Nitamwambia mwenyewe tukishakaa chini, na kalenda msiiguse mpaka nifike.

Nisalimie mjomba wa Ilagala, shangazi fundi cherehani, na jirani yetu mama Asha anayemsaidia Mama kuchota maji. Wote waambie naja, basi, mengine usiyataje.

Nakuja na treni wiki ijayo. Najua Mama hatakubali kubaki nyumbani, atataka kuja stesheni kunipokea. Njoo naye, ila umshike mkono, na mnijie kwa upande wa kushoto. Akinijia kwa kulia nitampita bila kumwona, naye atadhani nimemsahau.

Ni mimi mdogo wako,
Hamisi